Kuigiza Kiu

Siku maji yalipopatikana kwetu, upande wa Kivaa, nilikuwa nimesimama karibu na mtambo wa kuchimba kisima pamoja na mama mkwe wangu, leso tumezifunga puani kwa ajili ya vumbi. Shimo la kwanza lilikuwa limetoka kavu. Mtaalamu wa kupima ardhi akarudi na nyaya zake, akazitandaza upya ng'ambo ya kilima, akasema mwamba wa huko umepasuka, na kwenye nyufa huenda kuna maji. Mtambo uligonga tangu asubuhi. Baadaye lile vumbi la kijivu likageuka tope, kisha maji yakaruka juu na kutulowesha. Mama mkwe alichovya kidole, akaonja.

"Yana chumvi kidogo," akasema, "lakini hayanuki."

Alikuwa ameteka maji kwenye silanga tangu utotoni, lile bwawa la udongo ambalo watu waligawana na ng'ombe na punda. Pampu ilipowekwa na kioski cha maji kujengwa, silanga tuliwaachia mifugo. Mimi nikachaguliwa katibu wa kamati ya maji, na kwa muda mrefu sikuwa na haja ya kuukaribia ule uvundo.

Kisha watu wa shirika lililotuchimbia wakaja kututembelea. Kiongozi wao alikuwa bwana wa Nairobi, mpole wa maneno, na alikuja na mpiga picha. Tulidhani wanataka kuona kioski. Akina mama walikuwa wamepika muthokoi wa mahindi na maharagwe, na mama mkwe alikuwa amevaa suti yake ya kanisani ya buluu. Bwana yule aliangalia mifereji ya kioski kidogo tu, akaniita kando. Hakujua Kikamba, na wazee wetu wengi hawaongei kingine.

"Tulisahau kupiga picha za mwanzo," akaniambia. "Wafadhili wanataka kuona vile maisha yalikuwa. Waambie akina mama twende pale walikuwa wakiteka."

"Siku hizi hapo ni pa ng'ombe."

"Ni picha tu, madam." Kisha akamtazama mama mkwe. "Na huyu mama, hana nguo ingine? Ya kazi?"

Nikatafsiri. Ningali nakumbuka jinsi alivyoitazama suti yake, kana kwamba ameambiwa ina doa. Akaenda nyumbani, akarudi na rinda lililochanika kwapani, ambalo alikuwa amelitandika kwenye kiota cha kuku. Mpiga picha akamwonyesha kwa mkono avue na viatu. Akavua.

Silanga ilikuwa imekauka ikabaki dimbwi katikati. Maji yalifunikwa na utando wa kijani, na pembeni kila alama ya kwato ilikuwa imejaa mkojo na samadi. Nzi walituingia midomoni. Akina mama walipiga magoti na mitungi yao, wakicheka kicheko kile cha aibu, mpaka wakaambiwa wasicheke. Bwana alisimama juu kwenye ukingo, chupa ya maji ya duka mkononi.

"Sasa mama achote na mikono, anywe kidogo," akasema.

Mama mkwe akaniuliza, "Anasema ninywe?"

"Ndiyo anavyosema. Usinywe, mwaitu, mama yangu."

Akaangalia juu ukingoni. "Wakikasirika, pampu ikiharibika tutamwita nani?"

Akasukuma utando kwa kiganja, akachota, akanywa. Koo lake nililiona likishuka na kupanda.

"Vizuri sana," akasema bwana. "Arudie mara moja, jua lilituharibia."

Hilo sikulitafsiri. Nilishuka topeni na viatu vyangu, nikamshika mama mkwe kiwiko, nikamwinua. Bwana aliniuliza kama kuna shida. Nikamwambia mama amechoka, na hata hapo nilikasirika kwamba nimemjibu kwa adabu. Walikula muthokoi wetu, wakashukuru, wakaondoka.

Mama mkwe aliharisha wiki hiyo mpaka akapelekwa zahanati. Nilipoenda mjini Machakos kufuatilia kipuri cha pampu, nilimkuta pichani ukutani katika ofisi ya shirika lile, mkubwa kuliko mlango, maji ya kijani yakimchuruzika kidevuni. Binti wa mapokezi aliniona nikitazama.

"Huyo mama alikuwa anateseka sana," akaniambia kwa huruma ya kweli. "Siku hizi ako na maji."

Niliomba picha itolewe. Wakasema watalifikiria. Kipuri walinipa siku hiyo hiyo.

Nikapeleka jambo hilo kwenye kamati: kwamba mgeni yeyote atupige picha kwenye mfereji, tukiwa na viatu na nguo zetu. Nilidhani wote watakubali. Mama mmoja jirani akasema kupiga magoti asubuhi moja si kitu ukilinganisha na mwendo waliotembea zamani kutafuta maji. Wengine wakaitikia. Tukapiga kura, nikashindwa, na mama mkwe akanyoosha mkono upande wao, bila kuniangalia.

Niliwachukia wote jioni ile, hata yeye, na sikujivunia hilo. Nikaacha ukatibu. Wageni wanaendelea kuja, na anayetafsiri sasa ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Mimi huteka maji yangu mapema siku wanazokuja, kisha hufunga mlango.