Mama Mkwe wa Chuma

Fundi Hatulii alizaliwa akiwa amesimama. Wanaobisha na wabishe, lakini mkunga mwenyewe alisema mtoto yule alitoka, akakitazama kitanda alichozaliwa juu yake, akaona mguu mmoja mfupi, ndipo akalia. Tangu hapo hakuna kitu kilichocheza mbele yake kikasalimika. Kiti kikiyumba anakigeuza miguu juu. Mlango ukilia anaung'oa. Hata jino lake la mbele lilipoanza kulegea utotoni, hakungoja lianguke. Alilikaza kwa kabari ya kijiti, na dada zake wanaapa kwamba jino hilo la utoto analo hadi leo na ndilo analovunjia mifupa.

Alipokwenda kuposa ndipo watu walipomjua. Wazee wameketi, mazungumzo yamefika patamu, mwenye nyumba anaweka mkono mezani ili aseme neno, na meza ikafanya *ti*. Ti tu, basi. Wajomba zake Hatulii wakamwona anatoka jasho.

"Binti yetu..." akaanza mzee.

Meza, ti.

Hatulii akainuka, akaondoa vikombe kimoja kimoja kwa adabu zote, akaipindua meza ya watu, akatoa randa ndogo mfukoni. Sasa nani huenda kuposa na randa mfukoni? Mjomba mtu akafunika uso kwa kofia. Binti aliyekuwa akichungulia mlangoni akacheka mpaka akakaa chini, na baba yake alipoona meza imetulia kama imeota mizizi, akasema, "Mchukueni haraka, kabla huyu bwana hajaanza na paa."

Binti huyo ndiye Mama Pacha, na kicheko alichocheka siku ile alikilipia kwa miaka mingi ya kufunga na kufungua mizigo.

Kwa maana Hatulii aliyetaka kila kitu kikae, mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa. Karakana moja aliihama kwa sababu sakafu inainama. Nyingine kwa sababu ya jiliwa, kile chuma cha ubavuni mwa meza kinachobana mbao kati ya taya zake. Alidai taya hazikutani, na kwamba akilitazama linamfanya aone kizunguzungu. Nyingine haikuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi kupita yote. Dalili ya kuhama ilikuwa moja, kukuna kidevu. Mama Pacha akimwona anakuna kidevu, anaanza kufunga masufuria. Ilifika mahali masufuria yenyewe yakisikia kidevu kinakunwa yanashuka rafuni, yanapangana, kubwa chini dogo juu, na kusubiri mlangoni.

Basi wakapata nyumba yenye chumba kikubwa mbele, dirisha linalotazama barabara, na ng'ambo yake duka la fundi cherehani. Mapacha, wasichana wawili wenye maneno kama mahakimu, wakapata shule ya karibu. Mama Pacha akapata majirani wa kusikilizana nao. Akasimama katikati ya chumba, mkono kiunoni.

"Baba Pacha, nisikilize vizuri. Hapa ndipo. Ukihama tena, utahama wewe na nyundo zako. Mimi na watoto tunabaki."

"Nani kasema nahama?"

"Mkono wako uko wapi?"

Hatulii akautazama mkono wake. Ulikuwa kidevuni. Akaushusha.

Chumba kile kilikuwa na meza ya kazi iliyoachwa na fundi aliyekuwepo kabla yake, ubao mnene wa mti mgumu, una matundu ya duara yaliyopangwa safu mbili. Kazi ya matundu hayo ni kupokea vigingi. Unachomeka kigingi mbele, kingine nyuma, mbao inakaa katikati na wewe unapiga randa. Na yupo mwenzao wa chuma, mguu mrefu na shingo iliyopinda. Mguu unaingia tunduni, mdomo unakaa juu ya mbao, unamgonga kisogoni mara moja, anakandamiza. Mafundi humwita mama mkwe, maana akishakuwekea mkono husogei.

Siku ya kwanza mama mkwe alishika vizuri tu. Lakini nani alimtazama? Hatulii alikuwa ameinama juu ya vigingi. Vilicheza. Matundu yalikuwa yamelika kwa kazi ya miaka, na kila randa ilipokwenda, kigingi kilifanya *tk*, na randa iliporudi, *tk*. Mtu mwingine asingesikia. Hatulii alisikia akiwa barabarani, alisikia akiwa anaoga, alisikia kigingi kikicheza hata siku ambayo hakuna aliyekigusa. Chakula kikawekwa mbele yake, akasimama nacho. Mapacha wakimsimulia mambo ya shule, yeye anaitikia "ehe, ehe" huku jicho lote liko mezani.

"Baba, nimesema mwalimu ameliwa na simba," akasema mmoja wa mapacha.

"Ehe, vizuri sana."

Mwishowe akachonga vizibo, akayaziba matundu yote kwa gundi, akachukua keekee, akatoboa upya, kila tundu sawasawa na kigingi chake, unene kwa unene. Hapo akatulia kidogo. Kigingi kilishuka taratibu, kikitoa pumzi kama mzee anayeketi, kikakaa. Ukikitikisa, unajitikisa mwenyewe. Akawaita majirani waje waone. Fundi cherehani akaja, akashika kigingi, akakitikisa.

"Nione nini?"

"Hakichezi!"

"Kwa hiyo umeniacha nishonwe kidole na mashine nikikimbilia kuja kuona kitu ambacho hakifanyi kitu?"

Furaha haikufika mbali. Kesho yake Hatulii aliweka mbao ya mlango mezani, akamchomeka mama mkwe kwenye tundu jipya, akagonga kisogo. Akaweka patasi. Mbao ikateleza. Akagonga tena, kwa nguvu. Mama mkwe akashuka, akapanda, laini kama ameoga mafuta. Hashiki.

"Mama mkwe hashiki!" akapiga kelele.

Mama Pacha akatoka jikoni na mwiko. "Mama yangu amekufanya nini tena? Yuko kwake, mgonjwa wa miguu, hajakusemesha!"

"Siye huyo. Huyu wa chuma."

"Basi mtaje vizuri."

Hatulii akamwona mama mkwe ndiye mkosaji. Amechakaa, amekonda. Akaenda kwa mhunzi, akatengenezewa mwingine mnene. Yule hakuingia kabisa. Akamkwangua kwa tupa, akimpima, akimkwangua, mpaka akaingia bila hata nafasi ya unywele. Akashusha pumzi. Huyu sasa ndiye. Akabana mbao ya mlango, akagonga, akaegemea patasi kwa uzito wake wote.

Mbao ile ilitoka pale kama ina habari za haraka. Ilipita dirishani, ikavuka barabara, ikampita mwendesha baiskeli chini ya kidevu, ikaingia kwa fundi cherehani na kulala juu ya meza yake ya kukatia. Fundi cherehani alikuwa amevaa miwani ya kushonea, haoni mbali. Akaipima kiuno, akaipima mguu, akaandika chaki, na alipofika mabegani ndipo akashtuka kwamba mteja hana kichwa.

"Jirani," akasema aliporudisha mbao, "huyu wako nimemshonea suruali. Anahitaji na shati?"

Barabara nzima ilicheka. Hatulii hakucheka. Alizunguka meza, akakaa, akainuka, akafungua dirisha, akalifunga. Akajaribu tundu la pili, la tatu, la mwisho. Kote mama mkwe anateleza. Alikuwa amefanya kila kitu sawasawa, kwa hiyo ubaya lazima uwe wa mahali. Ni chumba. Ni barabara yenye magari yanayotetemesha sakafu. Mkono ukapanda kidevuni.

Na kwenye mji wa jirani alikuwapo Kipara, fundi mwenziwe wa zamani, ambaye kila mara alimtumia salamu za majigambo. "Njoo kwangu, ndugu yangu. Meza yangu mimi hakuna kinachocheza. Nafasi ipo."

Mama Pacha alimkuta anafunga patasi kwenye tambara. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Hatulii, maana alikuwa amejiandaa kwa kelele.

"Nakwenda kutazama tu," akasema.

"Nenda."

"Nikipaona pazuri nitawaita."

"Usituite. Nilikwambia siku ya kwanza. Ukipaona pazuri, kaa huko, na nguo zako nitakutumia."

Mapacha walikuwa wamesimama nyuma ya mama yao. Mmoja akauliza, "Baba, ukikaa huko, utakuwa unatujia kama mgeni? Tukuwekee ile sahani ya wageni?"

Hatulii akakaza fundo la tambara la patasi. Akaondoka. Njia nzima hakuketi. Garini alisimama ingawa viti vilikuwa vitupu, na utingo akamwambia, "Mzee, hata ukisimama tutafika wakati ule ule."

Kipara alimpokea kwa mikono miwili, kichwa kinang'aa. Akamvuta moja kwa moja mpaka karakanani. "Tazama! Tikisa!"

Hatulii akatazama. Meza ilikuwa imesimamisha vigingi pote kama nungunungu aliyekasirika. Vimejaa safu hii na safu ile, virefu kwa vifupi. Akashika kimoja, akatikisa. Hakikusogea. Akavuta. Hakikutoka. Akapanda juu ya meza, akakishika kwa mikono yote miwili, akavuta mpaka jino lake la utoto likauma.

"Unaona?" Kipara akacheka kwa furaha. "Hakichezi!"

"Na kutoka?"

"Kitoke kiende wapi?"

"Sasa randa unapigaje?"

Kipara akakohoa. "Napiga ninapopata nafasi. Hapa katikati kuna kinjia." Akaonyesha kwa kidole jinsi randa inavyopita, inakata kona, inarudi kinyumenyume, kama mtu anayetafuta kiti kwenye msiba uliojaa. Kila kigingi alikichonga kilibane tundu, akakipigilia kwa nyundo, na hakuna kilichowahi kurudi.

"Lakini milango unatengeneza," akasema Hatulii. "Nimeiona hapo nje. Patasi unaipigia wapi?"

"Ah, hapa na pale."

"Hapa wapi?"

Kipara akasogea, akajiegemeza kwenye pembe ya meza, mkono umetandazwa juu ya tambara. Hatulii akamwona. Mtu asiyetulia humjua mwenziwe anayeficha kitu.

"Kipara, inua mkono."

"Hapana kitu hapo."

"Inua."

Chini ya tambara palikuwa na tundu moja la zamani, limelika, limepanuka, midomo yake imelainika. Mbao pembeni yake iling'aa kwa kazi, makovu ya patasi yamejaa. Kipara akaona haya mpaka utosini, na kwa kuwa hakuwa na nywele, haya yote ilionekana.

"Usilitazame hilo, ndugu yangu. Limechakaa. Nimekusudia kuliziba tangu zamani. Ila ndilo pekee ambamo mama mkwe anakubali kushika."

Hatulii akalisogelea tundu. Akamtwaa mama mkwe wa Kipara, akamchomeka. Mguu ulicheza tunduni waziwazi, ungeweza kupitisha unyasi pembeni. Mwili wote ukamsisimka kwa karaha. Akaweka kipande cha mbao, akagonga kisogo. *Dum.* Akainama, akatazama kwa chini ya meza, shavu limegusa sakafu. Ule mguu haukusimama wima. Uliegama. Juu umeuma upande huu, chini umeuma upande ule, na kule kuegama ndiko kunakoshika. Akivuta mbao, mguu unazidi kuegama, unazidi kuuma. Kwenye tundu linalomkaa sawasawa angeegamia wapi? Angeshuka na kupanda tu kama ndoo kisimani, vile alivyofanya kwa tundu baada ya tundu.

Akabaki amelala pale chini. Akayakumbuka matundu yake ya kwanza, yale aliyoyaziba kwa gundi kwa mikono yake mwenyewe na kuwaita majirani waone.

"Umeumia?" akauliza Kipara.

"Sana," akasema Hatulii, akainuka, akafuta vumbi la mbao shavuni, akaondoka bila kunywa hata maji. Kipara akamkimbilia mpaka barabarani. "Je, niking'oe kile cha katikati? Nikipata winchi?"

Alifika nyumbani jua bado lipo. Mlango umefungwa kwa komeo. Akagonga.

"Nani?" Mama Pacha akauliza, ingawa alimjua kwa kugonga kwake, maana hagongi mara mbili mahali pamoja.

"Mimi."

"Umekuja kuchukua nguo?"

"Nimekuja kutoboa."

Kisha mapacha wakasikika wakinong'ona kwamba baba amepata wazimu. Komeo likafunguka kidogo, jicho moja likatokea. "Kutoboa nini?"

"Niliharibu mwenyewe, mama watoto. Chumba hakina kosa. Nipishe nikuonyeshe."

Alichagua matundu mawili tu, upande wa dirisha. Vigingi aliviachia yale yanayovibana. Alipoanza kulipanua tundu zuri, lililonyooka, aliona kama anamkwaruza mtoto uso. Alipanua kidogo, akaacha, akazunguka meza, akarudi, akapanua tena. Akaweka mbao ya mlango, akamchomeka mama mkwe, akafumba macho, akagonga.

*Dum.*

"Vuta," akamwambia mkewe.

Mama Pacha akavuta. Akawaita mapacha, wakamshika kiuno, wakavuta wote. Meza ilianza kutembea. Ikatembea mpaka mlangoni, ikaburuta sakafu, na fundi cherehani aliyekuja kuchungulia akaongeza mikono yake. Wakaifikisha barabarani, na mbao haijasogea hata kwa upana wa uzi. Magari yakapiga honi, na ikabidi waombe watu wa njiani wasaidie kuirudisha ndani.

Mama Pacha akakaa juu ya meza, anahema, anacheka kile kicheko cha mlangoni kwa baba yake. Halafu akaacha kucheka.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nini?"

"Tunakaa au hatukai?"

Macho ya Hatulii yakazunguka chumba, sakafu, dirisha, dari. Alikuwa na mengi ya kulalamikia na aliyaona yote.

"Tunakaa," akasema.

Mama Pacha akaingia chumbani, akatoka na kioo chake cha harusi, kile ambacho katika nyumba zote walizopita hakijawahi kutoka kwenye sanduku, kwa sababu hakuona haja ya kupiga msumari kwenye ukuta wa kupita. Akampa mumewe nyundo.

Hatulii akapiga msumari. Akarudi nyuma, akatazama, akaung'oa. Akapiga kushoto kidogo. Akaung'oa. Akapiga juu. Mpaka taa zinawashwa ukuta ulikuwa umetobolewa kama chujio, mapacha wamelala sakafuni, na Mama Pacha bado amesimama, amekikumbatia kioo kifuani.

"Hapa?" akauliza Hatulii.

"Piga tu," akasema. "Nipo."