Herufi L Ilivyonishusha Mwaloni

Nawaomba mcheke kwa zamu, maana siku yenyewe nilichekwa na mwalo mzima, ufukwe wa wavuvi na wauza dagaa, kwa mpigo mmoja, na masikio yangu mpaka leo hayajapona. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari, huku Buswelu, na kama mmewahi kukaa na mwalimu wa Kiswahili mnaujua ugonjwa wetu: hatusikii mtu anasema nini, tunasikia anakosea wapi. Mtu akinipigia kelele "Mwalimu, rete maji, nyumba inaungua!" nitamwambia kwanza ni lete, siyo rete, halafu ndipo niulize nyumba ya nani. Na ugonjwa huo, jamani, nusura unikoseshe mke.

Mke mwenyewe ni Rehema, muuguzi, mtoto wa watu wa Ukerewe, na aliyemlea ni shangazi yake, mama mmoja mfupi, mtulivu, ambaye neno lake kwenye ule ukoo ndilo muhuri. Siku ya kwanza kukutana naye alinitazama juu mpaka chini akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye wa Lehema?" Mtu mwenye akili angejibu ndiyo, Shangazi. Mimi nikajibu, "Rehema, Shangazi. Ni Rehema." Weee! Rehema alinikanyaga chini ya meza mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Shangazi hakukasirika hata kidogo (ingekuwa afadhali), akachungulia dirishani lilipokuwa gari langu, akasema, "Na lile gari limefungwa mpira katikati kama mzigo wa baiskeli, nalo umelisahihisha?" Akaaga, akasema jibu lake atalitoa siku ya kujitambulisha. Rehema akanisindikiza mpaka nje na kuniambia, "Shangazi akisema hapana ni hapana, mimi siwezi kumvuka. Siku hiyo, tafadhali, ufunge mdomo."

Sasa hilo gari. Ni gari la umeme, la miaka mingi, nililinunua likiwa limeshatumika ng'ambo na likatumika tena Dar kabla ya kunifikia mimi, halina mlio kabisa, mtaani wanaliita Bubu. Halikuwa na shida ila lile boksi la katikati ya viti vya mbele, lenye pa kuegemeza kiwiko, pa kuwekea vikombe na kirungu cha gia, mafundi wanaliita konsoli. La kwangu lilikuwa limepasuka, nikalifunga mpira wa baiskeli. Kwa hiyo nikaamua (huo ndio uamuzi mdogo ulionizalia yote haya) kwamba mdomo nitaufunga, sawa, lakini na konsoli nitaibadilisha, Shangazi aingie akose la kusema.

Kuna fundi Mkolani, Mjita, anaitwa Mafuru, ambaye alikuwa na konsoli ya toleo jipya la gari hilohilo, imetoka kwenye gari lililogongwa. Nzuri hiyo! Nyeusi inang'aa, ina pa kulaza simu ikajichaji bila waya, na badala ya kirungu ina vitufe vya kubonyeza. Tatizo, bolti hazikuingia, plagi hazikufanana, fundi akaikata huku, akaiunga kule, siku mbili nzima nikiwa nimemsimamia kama mtihani wa taifa. Na alipoisafisha kwa petroli herufi za kwenye vitufe zikafutika zote. Akaniomba kitu cha kuandikia, nami nikatoa mfukoni wino wangu mweupe wa kufutia makosa, ule wa kazini, akaandika kwa mkono wake herufi tatu: S, M, L.

"Mwalimu," akaniambia huku akijifuta jasho, "nyaya za zamani na mpya zilikuwa zinagombana, lakini sasa zimekubariana."

"Zimekubaliana, fundi."

"Ndiyo, zimekubariana."

"Kuba-LI-ana. Hiyo ni L, fundi, L!"

Mafuru akanitazama kwa uchovu. Mimi nikaendelea kujifurahisha, nikamuuliza hili ni gari au fulana, mbona umeniandikia saizi. Akasema, "S ni simama, M ni mbele, halafu hii L, mwalimu, usikilize vizuri, hii ni ya..."

"L naijua," nikamkatiza. Jamani, nilimkatiza! Nimeendesha otomatiki za watu miaka, najua L ni gia nzito ya kupandia milima, atanifundisha nini? Fundi akakusanya spana zake. "Haya mwalimu," akasema, "wewe ndiye unayejua." Akanigeuzia gari mwenyewe likatazama barabara, nikabonyeza M, nikaondoka nikipiga mluzi.

Kesho yake nikiwa ndani ya suti ya bluu nilimpokea Shangazi kwenye gati, mjini, maana alikuja na kivuko cha asubuhi kutoka Ukerewe. Shikamoo, marahaba baba, akaketi nyuma na kikapu chake. Akatazama katikati ya viti. "Ee! Umefungua mpira," akasema, na moyo wangu ukaruka. Akanipa simu yake niilaze pale, ikaanza kujichaji, akaguna kwa heshima kabisa. Njiani aliitaja "balabala" mara nne, nami nikaumia mara nne, lakini nikang'ata ulimi, nikaendesha. Nilijiona nimeshaoa.

Kwao Rehema, nyumba ya ukoo wao upande huu wa ziwa, ni juu ya kilima cha mawe, na barabara inapita kwanza chini mwaloni, pale akina mama wanapoanika dagaa kwenye nyavu, halafu inapanda moja kwa moja mpaka getini. Nilikuwa nimefika katikati ya mlima huo ng'ombe wakakatiza wakishuka kunywa maji, nikasimama. Juu kule nawaona wote: mshenga wangu, ambaye ni baba mdogo, kavaa kofia, wazee wa kwao wamejipanga, Rehema kwenye kitenge cha njano, na akina mama wameshaanza vigelegele. Ng'ombe wakaisha. Mlima ni mkali, nikajiambia, mwalimu, hapa ni pa L.

Nikabonyeza L, nikaachia breki, gari likaenda nyuma kidogo. Nikasema aah, mlima umelizidi. Sasa gari likizidiwa na mlima unafanya nini? Unakanyaga mafuta. (Halina mafuta, najua, lakini mguu wangu umezoea kuita hivyo.) Nikakanyaga, likazidi kwenda nyuma, nikakanyaga zaidi, ndiyo kwanza likapata mbio, vigelegele kule juu vikakatika, na Rehema naona anakuwa mdogo, anakuwa mdogo.

"Mwalimu," Shangazi akauliza kwa upole, kikapu kifuani, "mbona tunaludi?"

"Tunarudi, Shangazi," nikasema.

Naapa sijui sauti ile ilitoka wapi! Kifo kiko nyuma, ziwa liko nyuma, posa iko mbele inapotea, na mimi nasahihisha. Mguu ulipokumbuka breki tulikuwa tumeshaacha barabara, na kwa kuwa Bubu halina mlio hakuna aliyetusikia tukija, ila mama mmoja aliyegeuka akaruka na beseni lake, na gari likatulia katikati ya dagaa. Hakuumia mtu, Mungu ni mwema. Lakini dagaa walikuwa mpaka kwenye kioo.

"Wee!" yule wa beseni akafoka. "Barabara yote ile hujaiona, unakuja kupaki juu ya mboga?"

Nikampigia fundi, na kwa haraka zangu nikabonyeza kipaza sauti. "Fundi! L yako inapeleka gari nyuma!"

"Sasa ulitaka iende wapi, mwalimu?" Mafuru akajibu, na mwalo mzima ukamsikia. "L ya kuludi."

Nikageuka kumtazama Shangazi. Alikuwa amejifunika uso kwa khanga na mabega yanamtikisika, nikadhani analia.

Akina mama wakaamua adhabu papo hapo: ninyanyue dagaa wao niwachambue mchanga, mmoja mmoja, kwa magoti, na suti isivuliwe. Nikapiga magoti. Ukoo wote ukashuka kilima kuja kutazama, baba mdogo kofia ameificha nyuma ya mgongo, anajifanya hanijui. Shangazi akaletewa kigoda, akaketi mbele yangu.

"Mshenga," akasema, "kupanda tena sipandi, tumalizie hapahapa. Mwalimu, eleza mwenyewe. Umekuja kumfuata nani?"

Nikamtazama Rehema. Alikuwa amefumba macho, midomo inasali. Nilijua jina lake linaanza na herufi gani, nimelisahihisha kwa watu wengi, na nilijua pia nataka kuzeeka na nani.

"Lehema, Shangazi," nikasema. "Nimekuja kumfuata Lehema."

Kicheko kilichopigwa pale nadhani Ukerewe walikisikia. Shangazi peke yake hakucheka. Akasubiri kimya kirudi, akainama karibu na uso wangu, akasema taratibu, r ikizunguka ulimini mwake safi kuliko ya mtangazaji yeyote wa redio:

"Rehema. Anaitwa Rehema, na jina nilimpa mimi. Utaoaje mtu usiyeweza kutamka jina lake?"

Halafu ndipo akapiga kigelegele mwenyewe, wa kwanza.

Tumeoana. Konsoli bado ipo, na fundi alitaka kuifuta ile L aandike R, nikamkatalia, ikae inifundishe. Nimeapa sitamkatiza tena mtu kabla hajafika kwenye nukta, hata akosee vipi, na kiapo ni kigumu, msione hivi. Juzi Mafuru, niliyemwachia gari alikague, kanipigia kwamba breki za nyuma zimeisha na zinatakiwa kubadirishwa. Nikang'ata ulimi, Rehema akinitazama.

"Sawa fundi," nikasema. "Kesho naludi."