Mtoto Aliyeingia Likilimba

Mimi sijui kukaa. Kanisani mguu wangu mmoja hucheza tangu wimbo wa kwanza, na kwenye mikutano watu hunipa kiti karibu na mlango ili nisisumbue watu. Mama alisema nilizaliwa njiani, kwa kukosa subira ya kufika kituo cha afya. Basi nikawa muuguzi, kazi ya watu wasiokaa.

Nilikuwa nimerudi tu Nyabiondo kutoka mafunzo ya Goma wakati mdogo wangu alipojifungua kabla ya miezi kutimia. Mtoto alienea kwenye viganja vyangu viwili na nafasi ikabaki. Goma walikuwa wametufundisha njia ya kanguru: mtoto njiti afungwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, maana kifua cha mtu kinatosha pale pasipo na mashine ya joto. Utafiti wa njia hiyo ni wa kweli, sijawahi kuutilia shaka. Lakini kwenye picha walizotuonyesha mama alikuwa kitandani, na sahani ya chakula mezani. Niliuliza nani anamlimia maharage. Mkufunzi akasema ni swali zuri, kisha akaweka picha nyingine.

Mtoto alianza kunyonya vizuri, wakatoka kituoni wakarudi nyumbani. Ilikuwa majira ya kupanda. Kwetu wanawake hulimiana kwa zamu: leo wote shambani kwa huyu, kesho kwa yule, na kundi lenyewe tunaliita likilimba. Nikamkuta mdogo wangu ameshika jembe.

“Yaya,” akaniambia, kama anavyomwita dada mkubwa, “nisipopanda sasa, batoto bengine watakula nini?”

“Na huyu?”

“Huyu pia iko mutoto yangu! Mbona unaniuliza sawa vile sijue?”

Nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia yeye, halafu nikayakasirikia maharage, halafu ile picha ya Goma yenye sahani yake. Nikaenda moja kwa moja kwa mama anayeongoza likilimba lao na kumweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni. Alinisikiliza huku akipembua mbegu.

“Zamu yake kwetu ingalipo,” akasema. “Basi mutoto ndiyo shamba yake. Badala ya kuya sote siku moja, tutakuya moja moja kumubeba. Mama yake apande.”

Ningeweza kumkumbatia, yeye na mbegu zake. Tangu siku hiyo, kila asubuhi mwanamke mmoja wa kundi alifika, akanawa, akafungua blauzi, na mtoto akafungwa kifuani pake kwa kikwembe, yaani kitenge. Mdogo wangu alipanda shamba lake la ng’ambo ya kijito na kurudi kunyonyesha. Mtoto akaanza kupata mashavu. Nilipiga simu Goma kujisifu, sina haya kusema.

Halafu alasiri moja ikanyesha mvua nzito. Nilikuwa kituoni, nikakosa raha bila sababu ninayoweza kuitaja. Nikaondoka kwa miguu, maana hakuna pikipiki inayopanda kilima cha kwao kwenye tope. Nilipoingia nyumbani kwa mdogo wangu, nikamkuta mtoto amelazwa kwenye mkeka karibu na moto, amefungwa vikwembe vikavu kwa unadhifu kabisa. Mama mkwe wa mdogo wangu, bibi kizee, alikuwa pembeni akichochea kuni.

“Mama wa zamu iko wapi?”

“Amerudi kwake. Mvua si imeanza?”

Alijibu kwa utulivu, kama mtu aliyeulizwa kwa nini usiku ni giza. Nikagusa nyayo za mtoto. Zilikuwa baridi, na yeye hakulia, wala hakufumbua macho. Nikashika vifungo vyangu nivue, ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimelowa mpaka kwenye ngozi, natetemeka, na kifua changu kilikuwa baridi kuliko cha mtoto mwenyewe. Niliogopa sana.

“Mama, uvue. Umuweke kwa kifua.”

“Kifua yangu? Iko ya kizee.”

“Iko ya moto!”

Akavua. Nikamweka mtoto kwenye yale maziwa yaliyonyauka, nikawafunga wote wawili, nikawazungushia blanketi. Bibi alianza kuimba kidogo kidogo. Mdogo wangu akaja amelowa, kijito kilikuwa kimemzuia. Akabaki mlangoni. Tulingoja hivyo mpaka mtoto alipoanza kutafuta titi la nyanya yake kwa mdomo, halikuwa na kitu, naye akakasirika akapiga yowe. Mdogo wangu akaketi palepale kwenye tope na kulia.

Kesho yake nilimfuata mama wa zamu nikiwa nimejaa maneno. Yeye ndiye aliyeumia zaidi.

“Ni wewe ulileta mutoto mu likilimba. Likilimba inaishaka na mvua, tangu zamani. Mvua ikianza, jembe chini, kila mutu kwake. Mi nimekosea wapi?”

Nikarudi kwa mama kiongozi na swali lake hilo. Kundi likakubaliana kwamba shamba hili moja halisikilizi mvua.

Mtoto sasa anatembea na kuvunja vikombe. Wakubwa wa mradi uliotufundisha Goma walipenda habari hiyo, wakaifanya mwongozo, wakanituma Walikale kuifundisha. Mwongozo ulisema wanawake wapokezane mtoto. Mvua haikutajwa. Nilisoma nikitembea huku na huko mbele ya akina mama, nao waliitikia kwa vichwa upesi mno. Nikaikunja ile karatasi.

“Hapa kwenu,” nikauliza, “kazi ya pamoja inaishaka wakati gani?”

Wakatazamana. Mmoja aliyekuwa na kichanga kidogo sana ndiye aliyejibu.

“Wakati tunasikia masasi ya bunduki.”

“Na mutoto?”

“Tunamufunga mu mugongo, tunakimbia pori.”

Mgongoni. Hakuna picha ya Goma iliyokuwa na mgongo, wala likilimba letu halikumbeba mtoto hivyo. Nikavuta benchi, nikaketi karibu yake.

“Nionyeshe vile munamufunga,” nikamwambia.

Mvua ilianza kupiga bati juu yetu, na hakuna aliyeinuka.