Kanuni ya Kufa

Wakati wa vita, treni ilipoacha kufika Kindu, karani mmoja wa gare, yaani stesheni, aliendelea kwenda kazini kila asubuhi. Alivaa shati lililopigwa pasi, akakaa mezani mpaka saa nane, akarudi. Alikuwa jirani yetu. Jumapili alasiri alikuja kwetu kucheza, na katika mchezo yeye alikuwa mwizi.

Mchezo huo ulitoka kwenye kitabu cha Kifaransa ambacho mwalimu mmoja mgeni alikiacha alipokimbia. Hauna ubao. Mmoja anaongoza na kusimulia: mmeingia pangoni, joka limelala. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni. Anasema atafanya nini, na dadu inaamua kama amefaulu. Dada yangu mkubwa, muuguzi wa lopitali, ndiye aliyeongoza. Mimi nilikuwa mchawi, neno ambalo mama alikataza lisitamkwe nyumbani, kwa hiyo tuliandika "mwenye elimu".

Kitabu hakikuwa kizima. Kabla hakijatufikia, mtu alikuwa amechana kurasa kadhaa kufungia karanga. Hatukujua ni zipi mpaka Jumapili moja mwizi wa karani alipochomwa mkuki na alama zake za uhai zikafika sifuri.

"Umekufa," dada alisema.

"Imeandikwa wapi?"

Dada akafungua kitabu. Kilisema: mtu akifika sifuri, tazama ukurasa unaofuata. Ukurasa uliofuata ulikuwa bei za farasi.

"Haiko fasi imeandikwa," karani alisema. "Mimi ni mutu wa ofisi. Bila karatasi siwezi kufa."

Tukaahirisha. Wiki hiyo mji ulikuwa umezingirwa, dawa zimekwisha, lopitali imejaa. Dada alirudi kila siku, akanawa mikono mara mbili, akalala. Jumamosi alichukua daftari, akaandika kanuni. Aliyefika sifuri hajafa bado. Katika kila zamu, mwenzake mmoja anaweza kuacha kila kitu akae naye na kurusha dadu. Ikitoka tano au sita, aliyelala anapona. Zamu tatu zikiisha bila kupona, amekufa.

"Yaya, kwa nini tano na sita tu?" nilimwuliza dada.

"Njo vile iko."

Jumapili karani alisoma kanuni taratibu, kama anayesoma barua ya kufukuzwa kazi, kisha akanitazama. Niliacha jitu nililokuwa napigana nalo, nikakaa naye. Nilirusha mara tatu, na mara zote tatu haikufaa.

"Sasa iko muzuri," karani alisema. Akatia sahihi chini ya kanuni, akaweka tarehe.

Dada alitoka akaenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata, nikamkuta analia, kwa mara ya kwanza tangu vita vianze. Alisema ni moshi. Hakukuwa na moto. Nilisimama hapo mpaka akamaliza, na tuliporudi ndani karani alikuwa ameshaanza kuandika mtu mwingine, padri mwenye rungu.

Siku hizi kampuni yenye mchezo, huko Ulaya, inaruhusu watu wa nje kuchapisha vitabu vya nyongeza, mradi jalada liseme wazi kwamba si vyake. Mwaka jana nilichapisha kimoja: machimbo yenye mazimwi, karibu sawa na yale ya bati huko Kalima, na kanuni ya dada. Msomaji mmoja wa Ubelgiji aliniandikia kwamba kanuni hiyo inaharibu mchezo. Wachezaji wake wanaacha vita katikati, wanakaa na majeruhi, na joka linabaki bila kazi. Akaniambatishia picha ya ukurasa halisi, ule tulioukosa.

Nilimsomea dada, kwa kuwa macho yake yamechoka. Mtu akifika sifuri, amekufa. Tengeneza mwingine.

"Mustari mumoja?"

"Mmoja tu."

"Mwenye aliandika hii hakufanya kazi lopitali."

"Basi tufute yetu, tufuate yao?"

Mikono yake ilikuwa mapajani, imetulia.

"Hapana. Lakini ongeza ine."

"Ine?"

"Ine, tano na sita. Wapone wengi kidogo."

Toleo la pili limetoka na nne. Yule wa Ubelgiji ameandika tena. Anasema sasa ni mbaya zaidi.