Kilio Nilichokianzisha Mwenyewe Laeken

Aibu hii nimekaa nayo tangu mwezi wa tatu, na anayenilazimisha kuisimulia ni mke wangu, kwa sababu anasema nisipoisema mimi ataisema yeye mbele ya kwaya nzima, na mnamjua Mama Furaha, akisimulia yeye lazima atie chumvi. Kwa hiyo sikilizeni, anayetaka kucheka acheke, mimi nimeshachoka kujificha.

Mnajua mimi ni seremala. Kule Bukavu nilikuwa seremala mtoto wa seremala, hapa Bruseli nimekuwa mfagiaji wa ofisi kwa miaka sita (sidharau, ofisi nazo zinachafuka). Sasa mwezi ule patron mmoja mwenye karakana ya milango na madirisha akaniambia nije Jumatatu nifanye majaribio, akinipenda ataniajiri, ila nije na vifaa vyangu vya mkono. Nilikubali hata kabla hajamaliza sentensi. Vifaa vyenyewe nilikuwa na nyundo moja na bisibisi iliyopinda. Randa sina, patasi sina, msumeno sina, na seremala anayefika kwenye majaribio bila randa ni sawa na padri aliyesahau misa. Randa mpya nzuri nilikwenda kuiangalia dukani, nikaangalia na bei yake, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Bon, ndipo Kalenga alipoingia kwenye habari hii. Kalenga ni rafiki yangu, mtu wa Lubumbashi, ananyoa watu pale Galerie d'Ixelles na kila kitu alicho nacho nyumbani kwake, kuanzia kitanda mpaka kijiko, alikinunua kikiwa kimeshatumika. Akanionyesha tangazo kwenye simu.

"Angalia, Papa Furaha. Iko vide-maison kule Laeken, samedi hii. Muzee mwenyewe alikuwa menuisier, seremala kama weye. Outils yote, bifaa ya kazi yake, batauzisha, bei ya bure."

"Vide-maison, ndiyo nini?"

"Muntu anakufa, batoto yake banafungua nyumba, banauzisha kila kitu mu siku moja. Hapa iko normal. Donc ufike mapema, usionyeshe kama unapenda kitu, na usiongee mingi."

Masharti matatu tu, hata mtoto angeyashika.

Jumamosi asubuhi nikavaa sweta langu la kazi, nikachukua ule mfuko wenye magurudumu tunaoendea sokoni, nikawa natoka. Mama Furaha akanisimamisha mlangoni, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Unaenda ku nyumba ya marehemu na ile nguo?"

"Minaenda kununua rabot, ile randa, Mama Furaha. Haiko kilio."

"Muntu amekufa, batoto yake biko mu ile nyumba, alafu weye unaingia na kifuko ya soko kama unaenda kununua matembele. Tuko bantu ya namna gani? Utoe pole kwanza. Rabot itakuja nyuma."

Na hapa ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, uamuzi wa koti tu, jamani, koti. Nilirudi ndani, nikavaa suti yangu nyeusi ya mazishi, tai nyeusi, viatu vya kung'aa, mfuko wa sokoni nikauacha. Niliona mke wangu ana haki. Kwetu huwezi kugusa kijiko cha marehemu kabla hujakaa, hujanyamaza kidogo, hujaambiwa alivyougua.

Nilifika Laeken mvua ya rasharasha ikinyesha, mlango wa nyumba uko wazi, watu wanaingia na kutoka bila kusalimiana, nyuso zimekunjamana (baadaye nilikumbuka kwamba hizo ndizo nyuso zao za Jumamosi zote). Ndani, sebuleni, viti vimepangwa kandokando ya ukuta kama vile tunavyovipanga sisi kwenye kilio. Ukutani picha kubwa ya mzee mwenye masharubu, ndani ya fremu. Na karibu na mlango, ninawaapia, mama mmoja ameketi nyuma ya meza ndogo, mbele yake daftari, kalamu na kisanduku cha bati cha pesa. Sasa niambieni ninyi mliotoka kwetu, ukiona viti, picha, daftari na kisanduku, unafikiri nini? Mimi sikufikiri hata kidogo, miguu yenyewe ilijua pa kwenda.

Nilimwinamia yule mama, nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikamwambia kwa Kifaransa changu cha ibada kwamba nashiriki huzuni ya familia. Akaniangalia. Akasema asante, pole pole, kwa sauti ya mtu anayejaribu kukumbuka tulikutana wapi. Nikatoa noti ya ishirini nikaitia kisandukuni. Akachukua kalamu akauliza ni kwa ajili ya kitu gani.

"Kwa ajili ya mzee tu," nikasema. "Kuwasaidia."

Aliandika kitu, sijui aliandika nini mpaka leo. Nimewachunguza watu wa hapa miaka sita, jambo wasilolielewa hawaliulizi, wanaliacha lipite. Nikaenda kuketi.

Nilikuwa nimekaa kama dakika tano, kichwa nimekiinamisha, mara bwana mmoja na mkewe wakasimama mbele yangu wananitazama magotini. Nikajua wamechoka, wanataka kukaa. Nikasimama, nikawapisha kwa heshima, nikahamia kiti cha pili. Yule bwana akatoa futi ya kupimia, akakipima kile kiti, akakibeba, wakatoka nacho. Nikasema moyoni labda viti vimeazimwa kwa jirani, anakuja kukichukua chake. Baadaye akarudi, akanitazama magotini tena. Nikahamia cha tatu. Kwa kifupi niliondolewa vitini mara nne, na kila mara nilimpa yule bwana pole zangu naye akanijibu kwamba hapana, si vizito.

Wakati huohuo, kupitia mlango wa nyuma, nilikuwa naona karakana ya marehemu ng'ambo ya ua mdogo. Naona watu wanatoka na vifaa vyake. Kijana mwenye ndevu akapita mbele yangu na sanduku zima la patasi, mipini yake ya mti wa njano imelainishwa na mkono mmoja kwa miaka mingi. Mama mmoja akapita na misumeno miwili kwapani kama mikate. Kila kifaa kilichopita kiliondoka na kipande cha Jumatatu yangu. Sikuelewa inakuwaje vifaa vigawiwe kabla sala haijasemwa, na kwa nini hakuna anayelia, na kwa nini yule mama wa daftari anachekacheka na mtu aliyeshika vikombe. Nilichanganyikiwa kabisa. Lakini kuinuka na kukimbilia karakana ningewezaje, na suti ile? Nikajiambia, malizia kwanza utu wako, kisha uende.

Nikamrudia yule mama wa daftari (kumbe ndiye Martine, binti mkubwa), nikamwuliza mzee aliugua vipi. Akanieleza vizuri tu. Ilianza magoti, kisha ngazi zikamshinda, kisha akaanguka bafuni, wakaona haiwezekani tena.

"Alikuwa mkaidi sana," akasema, na macho yake yakalegea kidogo.

Nilipoyaona macho yale nikasema maneno ambayo sitakisamehe kinywa changu kwa kuyasema. Nikamwuliza kama naweza kumwombea. Akageuka huku na huku kutafuta msaada, hakuna aliyemtazama, akasema, "Kama unapenda, bwana."

Nikasimama katikati ya sebule. Nikafumba macho, nikaanza kwa Kifaransa, nikaona Kifaransa hakinitoshi nikaingia Kiswahili, nikarudi Kifaransa. Nikasema Mungu ampokee fundi huyu, apumzishe magoti yake, asisahau kila mlango aliounyoosha usikwaruze sakafu. Na hapo nikamkumbuka baba. Baba yangu alikufa Bukavu mimi nikiwa hapa nasubiri makaratasi. Sikumzika. Sikukaa kwenye viti vyake. Randa yake iliuzwa na sijui iko kwa nani. Nililia, jamani, nililia machozi ya kweli ndani ya nyumba ya Mbelgiji nisiyemjua, watu wamesimama na taa na sahani zao mikononi.

Nikasema amina.

Kisha sauti nzito ikatoka jikoni, mdomo umejaa chakula: "Nani amekufa?"

Akatokea mzee mwenye masharubu, anasukuma kile kigari cha kutembelea chenye magurudumu manne, makombo ya mkate kifuani. Sasa mngefikiri hapo nilielewa. Wapi. Nilimwona anafanana na ile picha, nikajua ni ndugu wa marehemu, nikamwendea kwa haraka nikamshika mkono.

"Pole sana, papa, kwa kumpoteza ndugu yako."

"Sina ndugu," akasema mzee.

Nikaitazama picha. Nikamtazama yeye. Nikaitazama picha tena. Masharubu yaleyale, na sikio moja limesimama kuliko jingine vilevile. Martine akaniambia kwa upole sana, upole ule ndio ulioniua, kwamba baba yake, Monsieur Willy, amehamia nyumba ya kutunzia wazee tangu Krismasi, nyumba yake inauzwa, na leo wamemleta aiage.

Hebu niulizeni, nani kwetu anauza nyundo ya baba yake baba akiwa jikoni anakula mkate? Nani? Hilo ndilo ambalo akili yangu haikulitazamia hata kwa mbali. Nilitaka sakafu ipasuke. Yule bwana wa viti alikuwa ameinama anajifanya kufunga kamba za viatu, mabega yanamtikisika. Martine akafungua kisanduku, akanirudishia ile ishirini mbele ya watu wote, nami sikujua kama mchango wa kilio unarudishwa, nikawa naukataa, naye anausukuma, mpaka mzee akapiga kigari chake sakafuni.

"Ulikuja kufanya nini hapa?"

Sikuwa na nguvu ya kudanganya. Nikamwambia yote, Jumatatu, karakana ya milango, randa.

"Na umekaa hapa saa nzima?"

"Ndiyo, papa."

"Twende."

Tulivuka ua kwa mwendo wa kigari, yaani mwendo wa kutosha mtu kukumbuka dhambi zake zote. Karakana ilikuwa tupu. Kwenye kuta zilibaki alama tu za mahali kila kifaa kilipokuwa kinaning'inia, na meza ya kazi, ambayo nayo ilikuwa imeshabandikwa karatasi ya aliyeinunua. Mzee aliipapasa ile meza kwa kiganja, kuanzia ncha mpaka ncha. Niliona aibu nyingine, tofauti na ile ya kwanza, kwamba nami nilikuja kuchukua.

Kisha akachungulia mlangoni kama mwizi, akainua kiti cha kigari chake, na ndani ya kikapu cha chini akatoa kitu kimeviringwa kwenye taulo la jikoni. Randa. Ya mti, ndefu, nyeusi kwa mafuta ya mikono.

"Martine hajui," akasema. "Nimeiiba asubuhi."

Akaokota kipande cha mbao sakafuni, akanipa. Nikavua koti la mazishi, nikapiga randa. Randa iligoma mara mbili, mara ya tatu mkono ukakumbuka. Utepe wa mbao ukatoka mwembamba, mrefu, ukajikunja wenyewe. Mzee aliuokota akautazama mbele ya dirisha.

"Unakandamiza mno mwishoni," akasema.

Baba yangu alikuwa akiniambia hivyohivyo, na sikumwambia mzee, maana nilikuwa nimeshalia vya kutosha kwa siku moja.

Nikamnyooshea ile ishirini. Akaisukuma.

"Siuzi. Nakuazima. Siku nikifa kweli utairudisha, na utasema yale maneno yako tena, yaleyale. Wanangu ni watu wazuri lakini watasoma kwenye karatasi."

Jumatatu nilikwenda na randa moja na nyundo. Yule patron alicheka, kisha akaiona randa, akaacha kucheka. Alinipa wiki moja, baadaye akaniongezea, mpaka leo niko pale. Kalenga aliponisikia alizima mashine ya kunyolea, akasema, "Nilikuambia usiongee mingi."

Basi nimeapa, mbele ya Mama Furaha na mbele yenu, kwamba sitatoa pole tena hapa Ulaya mpaka nimeliona jeneza, tena likiwa limefungwa. Nikikuta viti vimepangwa nauliza bei. Jumapili baada ya misa napitia kwa Monsieur Willy, namweleza nilichofanya wiki hiyo, ananitukana kidogo kuhusu mwisho wa mapigo yangu. Na ile sala, kwa sababu aliitaka ileile, niliiandika kabla sijaisahau, nikaikunja, nikaiweka chini ya randa ndani ya sanduku. Kila asubuhi natoa randa, karatasi naiacha palepale mpaka siku ile.