Jina la Marlys Chini ya Barua

Marlys Tveit aliandika barua za rambirambi kwa miaka ishirini na sita. Siku walipomwondolea kazi hiyo, walimwachia jina lake chini ya karatasi. Afadhali wangechukua na jina.

Alikuwa karani katika kampuni ndogo ya bima ya wakulima mjini Nordvik, kaskazini mwa Minnesota. Mteja akifa, kampuni humwandikia mjane. Karani mwingine angenakili barua ya mwaka jana na kubadilisha jina la marehemu, akaenda zake kula. Marlys alianza kwa kupiga simu: kwa jirani, kwa fundi wa matrekta, kwa kinyozi. "Hebu niambie, alikuwa mtu wa namna gani?" Kisha aliandika kwa mkono mistari sita au saba, na ndani yake mlikuwa na jambo moja la kweli ambalo kampuni ya bima haina sababu ya kulijua. Wajane waliziweka barua hizo ndani ya Biblia. Marlys hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na hilo, na lilimtosha.

Ndipo akaja meneja mpya, Curtis Dahl, mwenye meno mazuri na programu ya akili bandia.

"Mama Marlys, naomba barua zako zote za zamani. Tunaifundisha mashine iandike kama wewe."

"Kwani mimi nimeshindwa?"

"Nani kasema? Wewe ndiye mwalimu wake! Barua inayokutoa jasho siku nzima, hii inaimaliza kabla kahawa haijapoa. Na jina lako tunaliacha pale pale chini. Watu wanakupenda, ujue."

Hapo ndipo Marlys alipokosea, na kosa lenyewe ni la watu wa kwao. Watu wa Nordvik hawajui kusema hapana. Ukiwakanyaga mguu, wao ndio watakaokuomba radhi. Marlys alitaka kusema kwamba jina lake si muhuri wa ofisi. Akafungua kinywa, akasema, "Basi, sawa tu, nadhani." Akatoa maboksi manne ya nakala, akarudi mezani kupanga mafaili, hasira kaimeza.

Aliomba kitu kimoja, asome kila barua kabla haijatoka. Curtis akakubali. Wiki ya tatu akasema huko ni kupoteza muda, na Marlys akasema sawa.

Baada ya miezi michache watu wakaanza kumtupia maneno dukani. "Tuliipata barua yako, Marlys. Ilikuwa tofauti." Mji ule, "tofauti" ni neno la chakula kilichoungua na la mchumba asiyefaa. Marlys alilisikia mara tatu, akajiambia kwamba wafiwa wana machungu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulikuja mwezi wa Machi, kwenye mazishi ya Lyle Odegaard.

Kwa desturi, wakishazika hushuka kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa kula mikate ya nyama ya nguruwe na keki. Barua ya kampuni ilikuwa imeshafika kabla hata jeneza halijafungwa, maana mashine haina foleni. Mjane, Bernice, akaitoa kwenye mkoba.

"Marlys, umeandika hapa kwamba Lyle alikuwa akitoka alfajiri kumzolea jirani theluji, wala hasemi. Lyle alikatwa miguu miaka tisa iliyopita. Si ulikuja kumwona hospitali wewe?"

Mwanamke wa meza ya pili akageuka. "Mbona hata mume wangu kaandikiwa hivyo hivyo?"

"Na wangu," akasema mwingine. "Na sisi tunakaa ghorofani!"

Marlys akaweka sahani chini. "Sikuandika mimi. Ni mashine ya ofisini."

"Jina lako hili hapa."

"Wameliweka wao."

"Uliwakataza?" akauliza Bernice.

Marlys akaanza kukunja kitambaa cha karatasi.

"Haya, basi," akasema Bernice kwa upole. "Chukua keki, mama."

Kwao, ukikosea ukapewa keki badala ya kugombezwa, hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Lakini Marlys hakuwa akimtazama Bernice. Alikuwa akimtazama Inez Kvamme, shoga yake wa miaka arobaini, aliyekuwa ameshika kikombe na hanywi. Maneno yale Marlys aliyaandika kwanza kumhusu Arne, marehemu mume wa Inez. Marlys aliyapata kwa jirani yao mzee, miaka kumi na moja iliyopita. Inez mwenyewe hakuwa akijua. Alfajiri zile zote alikuwa amelala. Barua ndiyo iliyomwambia. Na yule jirani naye sasa ni marehemu.

Jumatatu Marlys aliingia kwa Curtis bila kubisha hodi. "Toa jina langu."

"Kwa nini? Hatujapata lalamiko hata moja!"

"Hutalipata. Toa jina langu."

Likatolewa siku hiyo hiyo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Alhamisi akapokea bahasha kutoka kwa Inez, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwake na bado akaona abandike stempu. Ndani mlikuwa na ile barua ya zamani, mikunjo imechakaa, na kikaratasi: "Nimeishi na jambo hili miaka kumi na moja. Sasa sijui kama ni kweli."

Marlys alivaa koti akaenda kwa miguu. Inez akamkaribisha, akammiminia kahawa, akazungumza habari za barafu ya ziwani, inavyochelewa kuyeyuka mwaka huu. Marlys akaiweka barua mezani.

"Inez, shoga yangu, nilipiga simu. Naapa kwa Mungu, Arne alikuwa akiizoa theluji ile."

Inez aliitazama barua. Hakuigusa. Akamwongezea kahawa.

"Basi, sawa tu," akasema. "Nadhani."