Matairi ya Mvua

Gari letu lilikuwa la njano, lenye milango miwili na viti viwili, na lilipendeza zaidi likiwa limesimama. Tuliliegesha chini ya jengo letu kule Point, Durban, ambako upepo wa bahari ulikuja na chumvi na kuilamba rangi kidogo kidogo. Asubuhi za ukungu nilisimama dirishani na kikombe cha chai nikaona njano tu, haina umbo, imelala kando ya barabara. Nililipenda gari lile. Mbele ya mume wangu lakini nilikuwa nalisema vibaya, kwa sababu mwanamume akishajua mkewe anakipenda kitu chake cha kipuuzi, ataleta cha pili.

Yeye alikuwa mtu wa Lubumbashi, mimi wa Tanga. Alifanya kazi katika duka la simu mjini, na mimi nilisuka nywele saluni ya mlango wa pili. Aliniita bibi, kama wanavyowaita wake zao kwao. Kwetu bibi ni mama yake mama, mwenye mvi na dawa ya kuchua magoti, kwa hiyo mwanzoni kila aliponiita "bibi yangu" mbele ya watu nilinuna. Baadaye nikazoea, na baadaye zaidi siku asiponiita hivyo nilijiuliza nimemkosea nini.

Gari alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anahamia Australia. Durban ya miaka ile ilijaa watu waliokuwa wanauza vitu ili waondoke, mafriji, mapazia, hata mbwa, na sisi ndio tulikuwa tumefika, tukinunua. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu mlango mmoja ulikuwa umebonyea na gari lenyewe lilikuwa la zamani. Pale saluni hawakumhurumia. "Maskini akipata, matako hulia mbwata," alisema mwenzangu wa Unguja, sindano ya kusukia ikiwa mdomoni. "Na mkizaa, mtoto mtamkalisha wapi? Juu ya usukani?" Nikacheka pamoja nao. Swali lenyewe lakini lilinifuata hadi nyumbani.

Mvua kubwa ya kwanza ilitukuta tukishuka mteremko wa Berea. Robot, ndivyo wanavyoziita kule taa za barabarani, ikageuka nyekundu, mume wangu akakanyaga breki, na gari likaendelea kwenda. Halikupiga kelele. Liliteleza polepole, likageuka ubavu, likaipita robot na kuingia katikati ya njia panda, na mimi nilimwona mwanamke aliyeshika mwavuli ukingoni akitutazama, nikaona maua mekundu yaliyodondoka kutoka kwenye mti yakielea juu ya maji, nikaona mikono ya mume wangu juu ya usukani, imetulia. Kulikuwa na raha ya ajabu katika kuteleza kule, kama usingizi unapokuchukua. Kisha taxi moja ikatupigia honi ya hasira, na hofu ikanijia yote kwa pamoja.

Mume wangu alishuka kwenye mvua, akainama, akapapasa tairi la nyuma. "Pneu zimekwisha, bibi," akasema. "Hii iko sawa na kichwa ya baba yangu." Mimi ni msusi, kipara nakijua. Nililigusa na mimi. Zile kashata, mifereji inayotoa maji chini ya tairi, hazikuwepo tena, na mpira ulikuwa laini kama shavu.

Lazima niseme moyo wangu ulikuwa wapi wakati huo. Kwao serikali ilikuwa imebadilika, njia zilikuwa zimefunguka, na watu waliokimbia walikuwa wakiulizana nani anarudi. Baba yake alikuwa amefariki, mama yake alikuwa peke yake katika nyumba ya familia, na yeye ndiye mtoto pekee aliyekuwa amebaki. Mama mkwe alipiga simu pale dukani karibu kila wiki, na kwa kuwa ukuta wa saluni yetu ulikuwa wa mbao, nilisikia upande wa mume wangu wa mazungumzo. Najua aliulizwa swali moja tu, kwa sababu jibu lilikuwa moja tu. "Nitakuya, mama. Nitakuya." Mimi nisingeweza kumfuata. Wadogo zangu wawili walikuwa wanasoma Tanga kwa nywele ninazosuka, na sitadanganya, hata bila wao sikutaka kwenda. Nilimpenda na niliogopa ataondoka. Usiku alilala upande wake na mimi wangu, na hatukuliongelea.

Duka la matairi lilikuwa barabara ya Umgeni, kwenye safu ya maduka ya vipuri. Mwenyewe alikuwa Mhindi wa pale pale Durban, mtu mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Aliuzunguka ule unjano wetu mara moja, mikono nyuma, kisha akauliza kwa Kiingereza kama aliyetuuzia alikuwa anahama nchi.

Nilimwuliza alijuaje.

"Matairi," alisema. "Ni ya mtumba ya bei ya chini kuliko yote, yaliyopakwa rangi nyeusi yang'ae, na aliyavalisha muda mfupi kabla ya kuuza. Mtu akitaka kuondoka hununua tairi la kupendeza macho. Anayebaki hununua tairi la kuendesha." Kisha akamgeukia mume wangu. "Na nyinyi, mnaliuza au mnabaki nalo?"

Mume wangu alisema, "Tuonyeshe kwanza." Mwuzaji hakuona chochote katika jibu lile. Mimi liliniingia kama mchanga kwenye wali. Tangu dakika ile sikuwa tena mwanamke aliyesindikiza mume kununua matairi. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nilikuwa nimeonyeshwa mawingu ya kutazama.

Alituonyesha kwanza matairi ya zamani yaliyovalishwa mpira mpya. Bei ilikuwa ya maskini wenzetu, lakini mwenyewe alitikisa kichwa, akasema hayo ni ya lori la kwenda taratibu, si ya gari la spoti. Akatupeleka nyuma kwenye matairi ya mtumba, yaliyotolewa kwenye magari yaliyopata ajali. Majina yake yalikuwa makubwa na kashata bado nzuri. Mume wangu akachuchumaa hapo, akawa analiviringisha moja, analiviringisha tena. Kama angenunua yale, ningejua anaondoka. Nikachuchumaa karibu naye nikatafuta kasoro kama shangazi wa bwana harusi, na nikaipata. Ubavuni mwa tairi kulikuwa na nyufa nyembamba, za mpira uliokaa juani. "Hili limezeeka," nikasema. "Litatupasukia njiani." Akapitisha kidole kwenye nyufa, akaliacha.

Mapya yalikuwa ya namna mbili. Kulikuwa na magumu, ambayo mwuzaji alisema yangedumu miaka mingi, ila kwenye maji hayajiamini sana. Na kulikuwa na laini, yenye mifereji mirefu ya kukata maji, yanayoshika barabara wakati wa mvua lakini huisha upesi. Gari letu lilikuwa na tabia ya kutaka tairi pana nyuma na jembamba mbele, hivyo huwezi kununua manne ya namba moja. Tena tulikatazwa kuchanganya aina.

"Tuchukue magumu," nikasema haraka. Miaka mingi! Nilitamani mwuzaji alirudie neno hilo.

Mume wangu alikuwa ameshika lile laini, anaminya kashata zake kwa kidole gumba. "Hapana, bibi. Hii."

"Hilo litakwisha upesi."

"Lakini inashika."

Tulibishana pale hadi Mhindi akaenda kunywa chai yake. Mimi nilikuwa nagombania miaka, na yeye akanijibu mvua, mvua, mvua ya Durban. Mwuzaji aliporudi alisema anayo manne ya laini yaliyokaa stoo, kwa kuwa magari ya saizi ile yalikuwa yanapungua mjini. Yalikuwa yametunzwa gizani, hayajapasuka. Angepunguza bei. "Four hundred each," akasema, yaani randi mia nne kila moja, na hata ilipopunguzwa ilikuwa zaidi ya tulichokuwa nacho. Basi mume wangu akasema tuyaweke lay-by.

Kule ni jambo la kawaida. Unachagua kitu, duka linakitenga na kukiandikia jina lako, unalipa kidogo kidogo, na siku ukimaliza ndipo unakichukua. Watu huweka lay-by blanketi, sare za shule, kabati. Mimi niliposikia neno lile nilitoka nje nikajifanya natazama magari, kwa sababu machozi yalikuwa yananilenga. Mtu anayeondoka haweki lay-by. Mtu anayeweka lay-by ana miezi mbele yake na anajua atakuwepo. Nilimshukuru Mungu kando ya barabara ya Umgeni, mbele ya rundo la rimu zenye kutu.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto ya alfajiri, vipande vipande na vyote vina mwanga. Jumamosi nikimaliza kusuka tulikwenda kulipa. Mwuzaji alitufungulia stoo, na sisi tukasimama tukiyaangalia matairi yetu kama tumekwenda kumtazama mtoto wa ndugu aliyezaliwa. Yalinukia mpira mpya, na nywele zake ndogo ndogo za kiwandani zilikuwa bado zimesimama. Nikamwambia mume wangu hayo nayo yanahitaji kunyolewa. Alicheka hadi akashika ukuta.

Gari lenyewe tuliliendesha siku za jua tu. Jumapili aliniketisha kwenye usukani, katika kiwanja kimoja kitupu karibu na bahari, akanifundisha. Nilikuwa mwoga. Nilikanyaga breki kwa nguvu kwa kila kitu, kwa njiwa, kwa karatasi iliyopeperushwa. Hakunikaripia hata siku moja, jambo ambalo si la kawaida kwa mume anayemfundisha mke kuendesha, na alinisukuma nikafanye mtihani wa leseni wakati mimi sikuwa na haraka. Nilipoipata alinunua samaki wa kukaanga tukala ndani ya gari, madirisha wazi, na harufu ya sukari kutoka maghala ya bandarini ikitujia na upepo. Simu za mama mkwe ziliendelea. Sikuzisikiliza tena kwa makini. Nilikuwa nimeshinda, kwa nini niendelee kutega sikio?

Siku tuliyomaliza deni ilikuwa ya mvua, na mume wangu alifurahi kwamba ni ya mvua. Tuliliendesha lile gari hadi Umgeni kwa mwendo wa kobe. Wakayavua yale mazee, wakayavalisha mapya, wakayasawazisha, na Mhindi akampa mume wangu mkono kisha akanipa mimi. Tulipotoka gari lilikuwa gari lingine. Maji yalikuwa yanagawanyika chini yetu kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa, na sisi tukapanda Berea, vioo vina ukungu, miti imeinama. Nilimtazama kwa pembeni. Nikasema nilichokuwa nimekihifadhi miezi yote ile.

"Basi unabaki."

Alikwenda mbele kidogo, akaegesha kando, akashuka, akazunguka kwenye mvua hadi mlangoni kwangu. "Kuya huku, bibi. Endesha weye."

Nikahamia kwenye usukani, yeye akaketi upande wangu, maji yakimtiririka usoni. Aliniambia nishuke mteremko ule ule. Robot ilikuwa nyekundu kule chini. "Sasa piga frein," akasema. "Nguvu. Kama kawaida yako."

Nikapiga. Gari lilisimama papo hapo, limenyooka, kama limekamatwa shati kwa nyuma. Mume wangu alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, na akacheka kidogo peke yake.

"Njo ile nilikuwa natafuta," akasema. "Ile ya kudumu ingekutelezesha. Na mimi sitakuwa hapa ya kukushikia usukani." Alikuwa anatazama mbele, kwenye wipa. "Mama iko ananingojea, bibi. Mwisho wa mwezi nitaenda. Nitarudi, lakini sijue siku gani, na hapa mvua haingojei mutu."

Nilikuwa nimeyasoma matairi yale kila Jumamosi, nikayasoma kwa furaha, na yote yalikuwa yanasema yatakavyonishika mimi peke yangu. Hakuna aliyewahi kunipenda vile. Na niliumia.

Robot ikageuka kijani. Nyuma yangu wakapiga honi, nikaondoa gari. Nikashuka hadi mjini, nikaipita West Street na taa zake zikiwa zimeyeyuka kwenye maji, nikafika pale ambapo unakata kushoto kwenda Point. Sikukata. Nikaingia barabara ya kando ya ghuba, mashua nyeupe zimefungwa mstari upande mmoja, maghorofa upande wa pili, na matairi yanaimba chini yetu.

"Bibi," akasema polepole, "umepita njia ya nyumba."

"Najua," nikasema, nikaendelea kuendesha.